Seli Ijumaa, Makadara Jumatatu: Haki za raia anapokamatwa Eastlands

MKAZI wa Kayole, Umoja au Dandora anayekamatwa na polisi Ijumaa jioni huingia katika hesabu ambayo aghalabu haijui. Katiba ya Kenya inaagiza kwamba mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na kabla ya saa 24 kupita. Lakini saa 24 zinazoanza Ijumaa jioni hukamilika Jumamosi jioni, siku ambayo mahakama za kawaida haziketi. Hapo Katiba hiyo hiyo inaruhusu mshukiwa afikishwe mbele ya hakimu siku ya kazi inayofuata. Siku hiyo ni Jumatatu, na Jumatatu ikiwa sikukuu, ni Jumanne.

Kwa mtu mwenye mshahara wa mwezi na wakili wa kumpigia simu, siku hizo ni usumbufu. Kwa fundi wa jua kali wa Kamukunji, mchuuzi wa mitumba wa Gikomba au kibarua wa viwanda vya Industrial Area, ni pato la siku kadhaa lililopotea, na huenda ikawa kazi yenyewe. Ndiyo maana jamaa wengi hufika katika kituo cha polisi wakiwa tayari kutoa kiasi chochote watakachoambiwa ili mtu wao aachiliwe kabla ya giza kuingia. Wengi wao hawajui kwamba sheria imekwisha kuwapa, bila malipo, kile wanachojaribu kukinunua.

Makala haya yanafuata safari ya mshukiwa huyo kutoka seli hadi mahakama ya Makadara, yakieleza haki anayoweza kuidai katika kila hatua na mlango wa kubisha haki hiyo inapokiukwa.

Kukamatwa: Haki za papo hapo

Haki za mtu aliyekamatwa zimeorodheshwa katika kifungu cha 49 cha Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010. Ya kwanza ni kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu za kukamatwa kwake. Neno "utajua mbele" halitoshi. Ya pili ni haki ya kunyamaza, na afisa anapaswa kumweleza haki hiyo pamoja na matokeo ya kutonyamaza. Ya tatu ni kuwasiliana na wakili na mtu mwingine yeyote ambaye msaada wake unahitajika. Kwa wakazi wengi wa Eastlands mtu huyo si wakili. Ni mke, mume, ndugu au jirani anayejua mahali kitambulisho kilipowekwa.

Mshukiwa halazimishwi kukiri kosa. Chini ya Sheria ya Ushahidi, maungamo hayana nguvu mahakamani ila yakitolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kilichotajwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe akiwapo. Karatasi iliyotiwa sahihi usiku wa manane, mshukiwa akiwa peke yake na waliomkamata, haifikii kipimo hicho.

Mtoto analindwa zaidi. Katiba inataka azuiliwe pale tu njia nyingine zote zinaposhindikana, kwa muda mfupi kabisa, na mbali na watu wazima. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kuhesabiwa kuwa mhalifu. Mzazi anayeambiwa kwamba kijana wake wa miaka 15 amelala seli moja na watu wazima ana sababu ya kulalamika kabla hata ya kuuliza kosa lenyewe.

Kituoni: Kitabu cha matukio na bondi

Kila anayeingizwa seli anapaswa kuandikwa katika kitabu cha matukio, ambacho wengi wanakijua kama OB. Hapo huandikwa jina, saa ya kufikishwa kituoni na kosa linalodaiwa, na kila maandishi hupewa nambari. Jamaa wanaofika Buruburu, Shauri Moyo, Kayole au kituo kingine chochote wanashauriwa waulize nambari hiyo kabla ya jambo jingine. Saa iliyoandikwa kitabuni ni ushahidi muhimu wa mwanzo wa saa 24. Mtu asiyeandikwa popote ni rahisi kukanwa.

Baada ya hapo linakuja suala la kuachiliwa. Watu wengi huamini kwamba ni hakimu peke yake anayeweza kumwachilia mshukiwa kwa dhamana. Sivyo. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai kinamruhusu mkuu wa kituo kumwachilia mtu aliyekamatwa bila kibali cha mahakama, isipokuwa kwa makosa kama vile mauaji, uhaini, wizi wa kimabavu na jaribio la wizi wa kimabavu. Zaidi ya hayo, kikionekana kwamba haitawezekana kumfikisha mshukiwa mahakamani katika saa 24, mkuu huyo wa kituo analazimika kuichunguza kesi na kumwachilia kwa bondi, ila kama kosa linaonekana kuwa zito.

Kwa maneno mengine, wikendi ambayo watu wengi huiona kuwa kisingizio cha kukaa seli ndiyo hasa hali ambayo sheria ilitaka mshukiwa wa kosa dogo aachiliwe. Jamaa anayefika kituoni Ijumaa usiku ana ruhusa ya kumwomba mkuu wa kituo, kwa adabu na kwa kukitaja kifungu chenyewe, aitumie sheria hiyo.

Hapa pana maneno mawili yanayochanganywa. Bondi ya polisi ni ahadi ya maandishi kwamba mshukiwa atafika mahakamani au kituoni siku aliyopangiwa. Huwa na mdhamini au bila mdhamini, na haitozwi hata senti moja. Dhamana ya pesa taslimu ni fedha zinazowekwa kama rehani ya ahadi hiyo. Fedha hizo si faini wala si ada. Ni mali ya aliyezitoa, hupewa stakabadhi rasmi, na hurejeshwa mshukiwa akitimiza masharti. Pesa zisizo na stakabadhi si dhamana, hata zikiitwa hivyo. Ni hongo, na sheria humhesabu mtoaji na mpokeaji kuwa wakosaji.

Makosa madogo na rumande

Kifungu cha 49 kina ibara ya pili ambayo haitajwi sana, ingawa inawahusu maelfu ya vijana wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Inasema kwamba mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita.

Makosa yanayojaza orodha za mahakama kila asubuhi mengi yamo humo. Kuzua fujo kwa namna inayoweza kuvuruga amani, kosa lililo katika kifungu cha 95 cha Sheria ya Adhabu, lina kifungo cha miezi sita. Kupatikana mlevi na kusababisha fujo, chini ya sheria ya vileo ya mwaka 2010, kuna adhabu ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo anayeshtakiwa kwa makosa hayo na kukanusha hapaswi kupelekwa rumande kusubiri kesi yake. Sheria ya Uzururaji, ambayo kwa miaka mingi ilitumika kuwakusanya wasio na kazi, ilifutwa mwaka 1997. Kutembea usiku au kukosa kazi si kosa.

Utafiti wa mfumo wa haki za jinai uliotolewa mwaka 2017 na Baraza la Kitaifa la Utekelezaji wa Haki ulionyesha kwamba uzito wa sheria huwaangukia zaidi maskini, na kwamba makosa madogo ndiyo huchukua sehemu kubwa ya kazi ya polisi na mahakama. Wakazi wa Mathare, Mukuru na Korogocho hawakuhitaji utafiti kulijua hilo, lakini kulisikia likisemwa na taasisi za serikali zenyewe ni jambo lenye maana.

Hali huwa mbaya zaidi watu wanapokamatwa kwa makundi. Aprili 2014, katika operesheni ya kiusalama iliyopewa jina Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na vitongoji vya karibu. Seli za kituo cha Pangani zilifurika, na wengine walizuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilichunguza operesheni hiyo na kueleza baadaye kwamba haki za waliokamatwa zilikiukwa, ikiwemo ile ya saa 24. Kifungu cha 49 hakibagui raia na mgeni. Kinamtaja mtu aliyekamatwa, basi.

Mbele ya hakimu: Hatari ya kukiri ili yaishe

Jumatatu asubuhi magari ya polisi huwafikisha washukiwa katika mahakama ya Makadara, eneo la Barabara ya Jogoo, inayohudumia sehemu kubwa ya Eastlands. Jamaa hujipanga kwenye viambaza wakitafuta jina la mtu wao katika orodha ya kesi. Aliye ndani, mchovu, mchafu na mwenye njaa, hutaka jambo moja tu, nalo ni kurudi nyumbani. Wakati huo ndipo karani humsomea mashtaka na kumuuliza kama ni kweli au si kweli.

Hapa watu wengi hujifunga wenyewe. Huambiwa na wenzao wa seli kwamba ukikiri utatozwa faini ndogo na kuondoka, ilhali ukikanusha kesi itachukua miezi. Ushauri huo una ukweli nusu. Anayekiri hutiwa hatiani siku hiyo, na rekodi hiyo hubaki. Atakapoomba cheti cha tabia njema ili aajiriwe na kampuni ya ulinzi, apate leseni ya kuendesha matatu au asafiri kwenda kufanya kazi Ughaibuni, faini ya siku ile inaweza kumrudia kwa sura nyingine. Isitoshe, aliyekiri hawezi kukata rufani kupinga hatia. Anaweza kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu peke yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sheria imeweka kinga dhidi ya kukiri kwa pupa. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza hatua ambazo hakimu lazima azifuate, na hatua hizo zinatumika hadi leo. Mashtaka husomwa na kuelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Akikubali, jibu lake huandikwa kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Kisha mwendesha mashtaka hueleza jinsi kosa lilivyotendeka, na mshtakiwa huulizwa kama maelezo hayo ni ya kweli. Akiyapinga au akiongeza jambo linaloashiria kwamba hana hatia, kwa mfano "nilimpiga, lakini alikuwa amenivamia", hakimu anapaswa kuandika kwamba amekanusha.

Mshtakiwa pia ana haki ya mkalimani bila malipo. Mzee anayeielewa Kikamba tu, au mama aliyelelewa katika Kisomali, hana haja ya kutikisa kichwa kwa aibu. Inatosha aseme kwamba hakuelewa. Vilevile anaweza kuomba muda wa kutafuta ushauri kabla ya kujibu, na anastahili kupewa taarifa za mashahidi na ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutumia. Hayo yote yamo katika kifungu cha 50 kuhusu kesi ya haki, ambayo Katiba imeiweka miongoni mwa haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote.

Dhamana inayofungua na inayofunga mlango

Aliyekanusha anastahili kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuia. Hii ni tofauti kubwa na zama za kabla ya mwaka 2010, ambapo aliyeshtakiwa kwa kosa la kunyongwa, kama vile mauaji au wizi wa kimabavu, hakuruhusiwa dhamana kabisa. Leo hata mshtakiwa wa mauaji anaweza kuiomba. Ni juu ya upande wa mashtaka kuonyesha sababu za kupinga, kama vile hofu kwamba atatoroka au atawatisha mashahidi.

Tatizo la Eastlands aghalabu si kunyimwa dhamana, bali kupewa dhamana isiyofikika. Shilingi 20,000 ni kitu kidogo kwa mwenye duka la jumla, na ni mlima kwa kijana anayeosha magari. Asiyeweza kuzilipa hupelekwa gereza la rumande la Industrial Area, au Lang'ata akiwa mwanamke, akiwa bado ni mtu ambaye sheria inamhesabu hana hatia. Mwongozo wa dhamana uliotolewa mwaka 2015 unawataka mahakimu wazingatie uwezo na hali ya mshtakiwa. Kwa hiyo si utovu wa adabu kumweleza hakimu, "Mheshimiwa, mimi ni kibarua, nina watoto wawili, na kiasi hicho siwezi." Maneno hayo huandikwa. Masharti yakibaki kuwa mazito, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuyapunguza. Na akihukumiwa kifungo mwishowe, siku alizokaa rumande zinapaswa kuzingatiwa katika hesabu ya adhabu.

Dhamana ina upande wa pili. Ni mkataba, na anayekosa kufika mahakamani bila sababu hukamatwa tena, na mdhamini wake huweza kupoteza alichoweka. Ugumu wa maamuzi hayo ulidhihirika kwa namna ya kusikitisha Juni 2024, pale hakimu wa Makadara, Monica Kivuti, alipopigwa risasi na afisa wa polisi akiwa kazini, muda mfupi baada ya kufuta dhamana ya mshtakiwa aliyekuwa mke wa afisa huyo. Alikuwa akisikiliza kesi katika hema. Alifariki siku mbili baadaye. Msiba huo uliwakumbusha wengi kwamba uhuru wa hakimu kuamua suala la dhamana bila hofu ni ngao ya mshtakiwa maskini pia. Hakimu anayeweza kutishwa na mwenye bunduki hawezi kumlinda asiye na kitu.

Ngazi za mahakama

Hakimu si mwisho wa safari. Juu ya mahakama za mahakimu iko Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufaa, na kileleni Mahakama ya Juu, iliyoundwa na Katiba ya 2010. Sambamba na Mahakama Kuu ziko mahakama mbili za hadhi sawa nayo, moja ya mazingira na ardhi na nyingine ya ajira na uhusiano wa kikazi. Katika ngazi ya chini ziko pia mahakama za Kadhi, za kijeshi, na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021 na inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni katika muda wa siku 60.

Aliyehukumiwa na hakimu wa Makadara ana siku 14 za kukata rufani katika Mahakama Kuu. Aliye gerezani huiwasilisha kupitia kwa wasimamizi wa gereza, bila haja ya kuwa na wakili. Siku hizo zikipita, anaweza kuomba aongezewe muda akitoa sababu ya kuridhisha.

Sheria iliyokuja kwa jahazi kutoka India

Wakili anayetetea kesi Makadara hutumia taratibu ambazo asili yake si Nairobi wala London pekee. Mwaka 1897, amri ya kifalme ya Uingereza iliyoweka msingi wa mahakama katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya iliruhusu sheria za India zitumike huku. Kanuni ya adhabu ya India ilitumika Kenya hadi mwaka 1930. Sheria ya ushahidi ya India ya mwaka 1872 ilidumu hadi Kenya ilipotunga yake mwaka 1963, nayo ikafuata ile ya zamani katika mengi. Sheria ya India ya mwaka 1882 kuhusu uhamishaji wa mali haikufutwa hadi mwaka 2012.

Urithi huo wa kikoloni ulihusu zaidi jinsi ya kumshtaki mtu. Somo jipya zaidi kutoka India linahusu jinsi ya kumlinda. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya India ilisikiliza habari za mahabusu wa jimbo la Bihar, ambao baadhi yao walikuwa wamekaa gerezani wakisubiri kesi kwa muda mrefu kuliko kifungo ambacho wangepewa kama wangepatikana na hatia. Mahakama iliamua kwamba kesi ya haraka ni sehemu ya haki ya uhai na uhuru, na kwamba maskini anastahili wakili wa serikali.

Katika miaka hiyo, majaji wa India wakiongozwa na watu kama P. N. Bhagwati walianza kuipokea hata barua ya kawaida kama kesi, ilimradi ilieleza ukiukaji wa haki. Barua moja ya aina hiyo ya mwaka 1986, iliyoandikwa na D. K. Basu kuhusu vifo katika seli za polisi, ilizaa uamuzi wa mwaka 1996 unaotajwa hadi leo. Mahakama iliagiza kwamba afisa anayemkamata mtu avae kitambulisho kinachosomeka, aandike hati ya kukamata inayoshuhudiwa na ndugu au mkazi wa mtaa, na ndugu au rafiki wa aliyekamatwa ajulishwe alipo.

Kwa Wakenya, suala la maafisa wasiovaa sare na magari yasiyo na alama lilizuka upya wakati wa maandamano ya vijana ya mwaka 2024, familia zilipozunguka kutoka kituo hadi kituo zikiwatafuta watoto wao. Katika hali kama hiyo, haki ya kuomba amri ya kumtaka anayemzuilia mtu amlete mahakamani ni miongoni mwa haki ambazo Katiba ya Kenya hairuhusu ziwekewe mpaka.

Haki ikikiukwa

Wazo la kesi kwa barua lipo katika Katiba ya Kenya. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote ambaye haki yake imekiukwa au imetishiwa kwenda mahakamani. Kinaruhusu pia mtu mwingine, chama au kikundi kwenda kwa niaba yake, au kwa manufaa ya umma. Hakuna ada inayotozwa kuanzisha kesi ya aina hiyo, na mahakama inaweza kuipokea hata ikiwa imeandikwa bila ufundi wa kisheria, inapobidi.

Ni vizuri raia ajue pia mipaka yake. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ilimwachilia mfungwa kwa sababu alizuiliwa na polisi kwa miezi badala ya muda uliowekwa, na kwa muda watu wengi waliamini kwamba kuchelewa kokote kunafuta kesi. Mwaka 2010 mahakama hiyo ilibadili msimamo na kueleza kwamba dawa ya kuzuiliwa kupita muda ni fidia, wala si kuachiliwa kwa aliyetenda kosa. Kwa hiyo aliyezuiliwa siku tano anaweza kudai fidia, lakini asitarajie mashtaka yatoweke.

Kwamba mlango huo hufunguka kwa watu wa kipato cha chini kulionekana Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli. Wakazi walifika Mahakama Kuu mwaka 2010 kupinga kufurushwa na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa Shirika la Reli uliomiliki nyumba hizo. Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba namna walivyofurushwa ilikiuka haki zao za makao na za utu. Hawakupewa umiliki wa ardhi. Walichopata ni tamko kwamba hata mwenye mali hana ruhusa ya kuwatendea watu kama taka. Mwaka 2016 Sheria ya Ardhi ilirekebishwa na kuweka taratibu za kuwaondoa watu, ikiwemo notisi ya miezi mitatu.

Hata hivyo, amri ya mahakama haijitekelezi. Mei 2020, wakati wa janga la korona, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kariobangi ingawa wakazi walisema walikuwa na amri ya kuzuia ubomoaji huo. Ndiyo maana makundi ya raia yana kazi kubwa. Kituo cha haki za kijamii cha Mathare, na vile vya Dandora na Kayole, huandika visa vya dhuluma, huwasindikiza wahasiriwa vituoni na mahakamani, na huwaelekeza kwa mawakili wa kujitolea. Malalamiko dhidi ya polisi hupokewa na IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Yanayowahusu mahakimu na makarani hupelekwa kwa afisi ya mpokeaji malalamiko ya Idara ya Mahakama. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, ingawa maombi ni mengi kuliko mawakili waliopo.

Waswahili husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika vituo vya polisi vya Eastlands, haki hiyo mara nyingi hutegemea jamaa aliye upande wa pili wa kaunta. Akijua aulize nambari ya OB, aandike saa ya kukamatwa na jina la afisa, aombe bondi kwa mkuu wa kituo, adai stakabadhi ya kila shilingi, na amkumbushe mtu wake asikiri asichokitenda, atakuwa amefanya sehemu kubwa ya kazi ya wakili kabla wakili hajapatikana. Na wakili atakapopatikana, atayahitaji yote hayo kwa maandishi.